"Kiwashio" au Stata? Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Umeme wa Mitambo

Mwundaji wa istilahi hukosea kwa urahisi anapokipa kifaa jina kabla ya kukiona kikifanya kazi. Kosa la namna hiyo limo katika rasimu moja ya istilahi za umeme wa magari na mitambo. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliombwa kutoa maoni juu yake, na yatupasa kukiri kwamba hatukuliona. Tuliliona baadaye, tulipoichukua rasimu hiyo Shinyanga na Geita ili isomwe na mafundi.

Rasimu yaiita stata "kiwashio". Kwa upande wa sarufi neno hilo halina ila. Limetokana na kitenzi kinachofahamika na limefuata kanuni ya kuunda majina ya vyombo. Ila yake iko katika maana. Stata haiwashi kitu. Ni mota ya umeme ambayo gia yake ndogo huuma meno ya flaiwili na kuizungusha injini mpaka ianze kujiendesha yenyewe. Kuwaka ni jambo jingine: katika injini ya petroli ni kazi ya cheche ya plagi, na katika dizeli ni kazi ya joto la hewa iliyoshindiliwa. Tena, lugha ya kila siku imekwisha kukipa kitenzi "kuwasha" kazi nyingine pale pale kwenye usukani, kwa kuwa ufunguo huwashia gari kwenye swichi.

Matokeo yake tuliyashuhudia katika gereji moja kandokando ya barabara ya Geita kwenda Katoro. Palikuwa na injini kuukuu ya dizeli ya kuendeshea kompresa, yenye kupeleka hewa ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Tulimsomea fundi mzee sentensi ya rasimu: "Kiwashio kikitoa mlio mmoja bila kuzunguka, kikaguliwe." Mzee akashika swichi ya ufunguo. "Hii, wanangu, haizunguki hata ikiwa nzima." Tukamjibu, "Shikamoo tena, mzee; tunakusudia stata." Akacheka. "Basi andikeni stata."

Yeyote asidhani kuwa hili ni jambo la kuchekesha tu. Injini ya pampu isipowaka usiku, maji hupanda ndani ya duara, na kijana aliyeachwa na kitabu mkononi atafungua kile ambacho kitabu kimekitaja.

Neno "stata" si geni katika nchi hiyo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Williamson mwaka 1940. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi hadi 1966, na mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Ukiongeza malori, matrekta na vinu vya kuchambulia pamba, utaona kwamba mafundi wa huko wameishi na mitambo kwa miongo mingi. Wametohoa "karasha" kwa mashine ya kusagia mawe, na "matimba" kwa magogo yanayozuia kuta za shimo. Hawakutungoja.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila neno la gereji lipokewe. Neno "moto" ndilo linalotusumbua zaidi. Fundi husema "moto haufiki", na kwa neno hilo hukusudia mara volti, mara mkondo, mara betri yenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi ikiwa imetulia. Stata inapozungusha injini haifai kushuka chini ya 9.6 hivi. Ikiwa betri haishuki hivyo, lakini kati ya nguzo yake na kishikio cha waya pakapotea zaidi ya nusu ya volti wakati huo huo, kosa ni kutu au ulegevu wa kishikio, na dawa yake ni msasa na spana. Anayesema "moto haufiki" hawezi kuzitenganisha hali hizi mbili, hivyo mwenye mashine huuziwa betri mpya au stata mpya bila sababu. Hapa ndipo istilahi ingeokoa fedha ya mtu, na hapa rasimu imeandika "nguvu ya betri" tu! Tunapendekeza "volti tulivu" na "volti za mzigo".

Kwa solenoidi, "swichi ya sumaku" yatosha, maana humweleza msomaji kwamba sumaku huvuta chuma, chuma kikasukuma gia na kuunganisha umeme mzito. Mlio mmoja mkavu, taa zikiwa bado kali, huelekeza kwenye viunganishi vya swichi hiyo au ndani ya stata. Stata ikizunguka kwa kelele na injini ikatulia, atazamwe bendeksi, neno lenye asili katika jina la Mmarekani Vincent Bendix, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza.

Pete ya meno ya flaiwili rasimu imeiita "duara la meno". Geita jina hilo litaeleweka kuwa shimo la dhahabu lenye kuuma watu; liandikwe "pete ya meno".

Limebaki neno la vile vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani ya stata. Wengine huviita "kaboni", lakini kaboni ni pia masizi ya injini. Wengine "brashi", ambayo ni pia ya kupakia rangi. Mafundi wawili wa Kahama walitupa majibu mawili, kila mmoja akimshangaa mwenzake, nasi bado hatujakata shauri.