Kufuli la Kitabu na Matini Iliyokatika

Mhakiki aendaye pwani ya kusini ya Kenya hukuta usomaji wa namna mbili. Hotelini Diani, mgeni husoma kitabu cha kielektroni kilichotiwa kufuli, asichoweza hata kumwazima jirani yake. Kusini zaidi, Msambweni, mwanafunzi husoma riwaya ya Assumpta Matei, *Chozi la Heri* (2014), katika kurasa zilizopigwa picha na kupitishwa simu hadi simu.

Hasara ya mwandishi ni dhahiri, nasi hatuitetei. Lakini iko pia hasara ya matini, ambayo wahakiki wetu hawaigusi: ukurasa ukirukwa, au mistari ya pembeni ikikatwa, hoja ya mwanafunzi juu ya msuko hujengwa juu ya pengo. Wanukuzi wa tendi nao walikosea, tena sana. Ila mnukuzi alikuwa msomaji, na mtunzi aghalabu alitia jina lake katika beti za mwisho. Nakala ya simu haina mnukuzi wa kuulizwa.

Je, kufuli ndiyo dawa? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo, huku ikiruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki. Sheria iyo hiyo hukataza kuvunja kufuli. Nalo kufuli halijui tarehe wala halimjui mhakiki. Shaaban Robert alifariki 1962. Muda wa ulinzi ulikwisha mwishoni mwa 2012. Hata hivyo, kitabu chake kikitiwa kufuli leo, kitamfungia mwalimu wa Kwale anayetaka kurudufu ubeti mmoja kwa darasa lake.