Pongezi kwa watu wa depo

Lubumbashi ilizaliwa 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipoifikia, na tangu hapo imeishi kwa kupakia na kupakua. Shaba inatoka, unga wa mahindi, chokaa na vipuri vya migodi vinaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Katikati ya hayo yupo mtu wa depo, yaani wa ghala, na anastahili pongezi.

Wengi huanza kwa mgongo, kubeba magunia lori linapofika. Anayepanda ni yule anayebeba huku akitazama. Anajua gunia la unga halilazwi sakafuni bali juu ya paleti, mbali kidogo na ukuta, unyevu wa mvua za Desemba usilipate. Anajua mzigo uliotangulia kuingia ndio unaopaswa kutangulia kutoka. Siku moja anakabidhiwa fishi ya stoki, kadi ya hesabu ya mzigo, na kila kinachoingia au kutoka anakiandika saa ile ile, si jioni kwa kukumbuka. Hapo kazi inageuka ufundi, nami nauheshimu kuliko vyeo vingi vya ofisini. Funguo huja baadaye. Hupewa yule ambaye hesabu yake ya karatasini na mzigo uliopo vimelingana mwezi baada ya mwezi, hata mkubwa wake akiwa safarini.