Kiitikio kama Hukumu: "Ndio Mzee" ya Profesa Jay na Mpokezano wa Wapagazi wa Unyanyembe

Wimbo "Ndio Mzee" wa Profesa Jay, uliorekodiwa Bongo Records, Dar es Salaam, chini ya P-Funk na kuingizwa katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu (2001), umezoeleka kusomwa kama kejeli dhidi ya mwanasiasa. Uhakiki huu unadai kwamba usomaji huo haujitoshelezi. Mgombea anatoa ahadi zisizotekelezeka, hadi mafunzo ya wanafunzi mwezini. Lakini kinachozipa uhai ni umati unaoitikia bila kuhoji.

Mpokezano huo si mgeni. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri kati ya Unyanyembe, ambako Itetemia ilikuwa makao ya watemi, na pwani waliimba kiongozi akianzisha na kundi likiitikia. Mwitiko wao ulilinganisha hatua chini ya mizigo. Katika "Ndio Mzee" umbo ni lilelile, ila anayeanzisha habebi chochote. Wanaoitikia ndio wenye mzigo.

Usambazaji wa wimbo uliongeza ukali huo. Msikilizaji wa redio aliyekipokea kiitikio na kukiimba aliingia mwenyewe katika umati unaokejeliwa. Fanani naye hakusalimika: alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, wimbo wake ukawa kipimo chake.

Inahitimishwa kwamba kiitikio katika hip hop ya Kiswahili kihakikiwe kama tendo la hadhira, si pambo la muziki.