Lori la Ndarugo na Ukurasa wa HTML

Malori yanayobeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, hapa Juja, hayaondoki na jiwe moja moja. Lori hujazwa kwanza, ndipo lishike barabara. Programu nyingi zinazotengeneza HTML hufanya kinyume, na hasara yake inahesabika.

Chukua orodha ya vyumba vya kupanga yenye mistari 5,000, kila mmoja baiti 100. Ukurasa mzima ni baiti 500,000 tu. Mwanafunzi anayeandika kwa Java huanza na maandishi matupu, kisha kila mzunguko huongeza mstari kwa alama ya kujumlisha. Lakini katika Java maandishi yakishaundwa hayabadiliki: kila nyongeza huzaa maandishi mapya na kunakili yote yaliyotangulia. Piga hesabu, utapata zaidi ya baiti bilioni 1.2 zilizohamishwa kwa ajili ya ukurasa wa nusu milioni. Ni sawa na kuhamishia mawe yote kwenye lori jingine kila jiwe jipya linapopakiwa. StringBuilder, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, hutenga nafasi mapema na kupunguza sana mzigo huo. Kwenye Python, kusanya vipande katika orodha, uviunganishe mara moja kwa join.

Mbinu ya kujaza kwanza ipo pia kwenye PHP. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi, baadaye liliandikwa upya kwa PHP juu ya kiunzi cha Kohana. Kohana hufungua bafa, yaani hifadhi ya muda, kwa ob_start, huendesha kiolezo, kisha huchukua matokeo yote kwa mkupuo. Naupenda mpango huu. Kosa likitokea katikati, bafa hutupwa na msomaji hupewa ukurasa kamili wa kosa, wala si nusu ukurasa uliokatika.

Bei yake ni kungoja. Kwa orodha ndefu, HTTP/1.1 imeruhusu tangu 1997 kutuma jibu kwa vipande: tanguliza kichwa cha ukurasa, kisha mistari mafungu kwa mafungu, ili mwenye simu aanze kusoma. Na kwa njia yoyote utakayochagua, kwa ajili ya usalama, kila neno lililoandikwa na mtumiaji lipite htmlspecialchars ya PHP, au mfano wake katika lugha yako, kabla ya kuingia kwenye HTML. Hapo usipunguze kazi hata kidogo.

Wewe unayejifunza, usijaribu msimbo wako kwa mistari 10, maana hutaona tofauti yoyote. Jaribu kwa 5,000.