Ushirikishwaji: nani anamshirikisha nani?



Kwa ajili ya darasa ninalofundisha huku ughaibuni nimelazimika kusoma upya maandishi ya Kiswahili kuhusu hifadhi za jamii za wanyamapori Tanzania, zile ambazo hata mwanakijiji huziita WMA. Wenzetu wameshaandika mengi juu ya tembo na mapato. Mie nataka kusema juu ya lugha, maana naona imetoboa siri ambayo waandishi wenyewe hawakukusudia kuitoa.

Neno linalotawala ni "ushirikishwaji wa jamii". Hebu tulichambue: shiriki, shirikisha, shirikishwa, ushirikishwaji. Pana kauli ya kutendesha, na juu yake ya kutendwa. Yaani jamii haishiriki, inashirikishwa, na anayeishirikisha hatajwi. Mbona hawakuandika "ushiriki"? Neno lipo, tena fupi.

Najua wapo watakaosema, Profesa, hiyo ni sarufi tu. Haya, tutazame sheria. Sera ya Wanyamapori ya 1998 iliahidi kuwa vijiji vitafaidika, na kanuni za WMA zikatoka 2002. Kijiji hutenga ardhi yake, ile ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiweka mikononi mwa halmashauri na mkutano wa kijiji. Kisha hupangwa matumizi ya ardhi, huundwa jumuiya, husajiliwa, huombwa idhini, hungojewa. Mwisho wa safari kinachopatikana ni haki ya kutumia, basi, kwani Sheria ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisemi ni vibaya. Nani angependa swala wauzwe kama kuku? Ila mtoa ardhi ni kijiji na mtoa ruhusa ni mwingine, kwa hiyo ule mnyambuliko umekaa pale pale panapoufaa. Namibia, kwa sheria yao ya 1996, jumuiya hufunga mikataba na wawekezaji zenyewe na fedha huingia kwenye akaunti zao. Nao wana matatizo yao, lakini huko angalau mtendaji anajulikana.

Sasa tembo akiingia shambani? "Fidia" lingekuwa neno la haki, mtu angeweza kwenda kuidai. Kanuni za 2011 zikachagua "kifuta jasho" kwa mazao na "kifuta machozi" kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Shamba lilihesabiwa mwisho ekari 5, na kwa aliyeuawa familia ilipewa shilingi 1,000,000. Aliyebuni majina haya namvulia kofia, hakumdanganya mtu: leso hairudishi mahindi. Mkulima anayekesha juu ya dungu na debe lake na tochi analielewa jina hilo vizuri kuliko sisi wenye shahada.

Kuna na hili la "ujangili". Mgeni mwenye kibali akiua nyati, huo ni uwindaji wa kitalii. Mwenyeji akitega kamba apate kitoweo, huyo jangili. Tusidanganyane, ujangili wa kweli upo: tembo wa Tanzania walishuka kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014, na walioandaa biashara ile hawakuwa watu wa kutafuta mboga. Ndiyo sababu inaniudhi neno moja kuwabeba wote wawili. Mfanyabiashara wa pembe anajificha nyuma ya mtega digidigi, na anayekamatwa kwa urahisi ni nani, mnajua.

Wafasiri wetu, na baadhi yao ni wanajamvi humu, wakipewa hati hizi wasipokee "ushirikishwaji" kama mzigo uliokwisha kufungwa. Mimi napendekeza "ubia". Mbia huweka mtaji wake, hapa ardhi, na ana haki ya kuuliza hesabu na ya kujitoa. Mwenye neno bora zaidi alilete, hasa ndugu zetu wanasheria.

Wasalaam.