Sifa za Kuiga kwa Kiasi

Ukitaka kupima umahiri wa fundi anayeiga kompyuta moja ndani ya nyingine, usihesabu alivyoviiga. Tazama alivyoviacha. Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni ShapeShifter, programu aliyoiandika Mjerumani Christian Bauer katika miaka ya 1990 ili Amiga ya Commodore iendeshe mfumo wa Macintosh.

Macintosh ilitoka mwaka 1984, Amiga mwaka 1985, na zote mbili zilitumia prosesa ya 68000 ya Motorola. Amri iliyoandikwa kwa ajili ya Macintosh, prosesa ya Amiga inaielewa bila mkalimani. Kiigizi cha PC-Task, kilichoiga PC kwenye Amiga hiyohiyo, hakikuwa na bahati hiyo: kila amri ya Intel ilibidi isomwe, ifasiriwe, kisha itekelezwe kwa amri kadhaa za Motorola. Kilifanya kazi, ila kwa kujikokota. Bauer aliziacha amri zipite zenyewe. Hata ROM ya Macintosh hakuiandika upya. Mtumiaji alitakiwa kuleta nakala ya ROM hiyo, na ShapeShifter ikaitia viraka pale tu ilipotaka kugusa maunzi yasiyokuwepo. Ndiyo maana Amiga 1200 ya mwaka 1992, yenye prosesa ya megahezi 14 hivi, ikiongezewa kumbukumbu ya kutosha, iliweza kukaribiana na Macintosh LC ya 1990 yenye megahezi 16.

Jasho lilimwagika kwingine, pale mifumo miwili ilipogombea kitu kimoja. Chukua anwani za mwanzo kabisa za kumbukumbu. Katika anwani ya 4, Amiga huweka kielekezi cha Exec, kiini cha mfumo wake, na programu zote huanzia hapo kutafuta huduma. Macintosh nayo huweka vigezo vyake vya ndani huko huko chini, bila habari kwamba pana mwenyewe. Prosesa ya Amiga 1200 haina kitengo cha kumpa kila mmoja anwani zake. Dawa ikawa programu ndogo iitwayo PrepareEmul, inayowekwa mwanzoni mwa faili la kuwashia mashine: huiwasha Amiga upya na kulitenga eneo lile la chini kabla halijakaliwa.

Skrini ilikuwa na mgogoro wake. Kwenye rangi 256, Macintosh huweka rangi ya nukta moja ndani ya baiti moja, ilhali chipu za Amiga huitawanya nukta hiyo katika matabaka 8. Picha ikibadilika, biti zote zipangwe upya, na kazi hiyo inakula muda. Lakini kwenye nyeusi na nyeupe tabaka ni moja tu, na mipangilio miwili inafanana biti kwa biti. Mjuzi aliyekuwa akiandika ripoti alichagua nyeusi na nyeupe, na mashine ikawa nyepesi mkononi.

Diski kuu ndiyo iliyoukomaza ufundi huu. Flopi za Macintosh za kilobaiti 800 ziliandikwa kwa kasi ya mzunguko inayobadilika, na kiendeshi cha Amiga hakikuziweza. Aliyetumia A-Max, kiigizi cha mwaka 1989, ilimbidi aunganishe kiendeshi cha Macintosh ili azisome. Kwenye diski kuu shida hiyo haikuwepo: Amiga inatenga faili moja kubwa, na Macintosh inaliona kuwa ni diski nzima. Inaomba bloku ya namba fulani. ShapeShifter inazidisha namba hiyo kwa 512, inakwenda mahali hapo ndani ya faili, inasoma na kukabidhi.

Usanifu ni mzuri, ila chini yake kuna gharama. Mfumo wa mafaili wa Amiga, ukitumia bloku za baiti 512, huorodhesha mahali zilipo bloku za faili, 72 kwa kila orodha, na kila orodha inaelekeza kwenye inayofuata. Faili la megabaiti 100 lina bloku 204,800, yaani orodha zaidi ya 2,800 zilizofungamana. Kuifikia bloku ya mwishoni ni kuupitia mnyororo huo. Waliolijua hili waliipa Macintosh sehemu yake kamili ya diski, iliyokatwa kwa programu ya Amiga iitwayo HDToolBox. Hapo hakuna mnyororo, ni kuhesabu na kwenda. Kasi ilipatikana kwa kuondoa tabaka.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Amiga ilisifika kwa picha na video, lakini programu kubwa za uchapishaji zilikuwa za Macintosh. Mgeni alipokaribishwa alikuja nazo, na mwenyeji hakufukuzwa kitini: ShapeShifter ni kazi moja kati ya kazi za Amiga, na kwa kubonyeza vitufe viwili mtumiaji anarudi kwenye skrini yake ya awali huku Macintosh ikiendelea nyuma.

Leo kompyuta zinazobeba huduma za intaneti huendesha mifumo mingi kwa kanuni hiyohiyo: amri za mgeni hupita moja kwa moja kwenye prosesa, na diski yake mara nyingi ni faili. Kanuni yenyewe ni kongwe kuliko Amiga, maana IBM ilitangaza mfumo wa aina hiyo, VM/370, mwaka 1972. Lakini IBM ilikuwa na mashine kubwa zilizoweza kuwatenganisha wageni. Bauer alikuwa na kompyuta ya nyumbani isiyo na ulinzi wa kumbukumbu, na akafanikiwa kwa kuzifahamu mashine mbili kwa undani.

Kijana anayejifunza uhandisi wa programu namshauri aitafute Amiga 1200 inayofanya kazi, aipachike kadi ya CompactFlash mahali pa diski kuu, kisha aisimamishe Macintosh ndani yake. Atazoea kujiuliza, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, ni kipi ambacho tayari kinafanana, hivyo kinatosha kuachwa kilivyo. Anayelijibu swali hilo kwa usahihi ameshamaliza nusu ya kazi.