Kiti cha Enzi: Umri Wake na Kazi Yake

Chombo cha kale kikionekana nyumbani bila maandishi, huulizwa maswali mawili: kina umri gani, na kilifanya kazi gani? Watu wengi huyajibu yote mawili kwa pumzi moja, na hapo ndipo makosa huanza. Umri una mashahidi wake, na kazi ina mashahidi wake. Mtu akiwachanganya, hupata jibu linalopendeza masikio lakini lisiloweza kusimama mbele ya hoja.

Mfano mwema wa fumbo hili ni kiti cha enzi, ambacho kilikuwa fahari ya nyumba kubwa za Lamu na miji mingine ya Waswahili. Ni kiti kipana chenye mgongo mrefu ulionyoka, kilichoundwa kwa mpingo au mti mwingine mweusi. Mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa uzi, na vipande vya pembe vimetiwa njumu juu ya mti. Mbele pana ubao wa kuwekea miguu. Viungo vyake ni ndimi za mti zilizoingia katika matundu, na baadhi ya sehemu zake huweza kutolewa na kurudishwa.

Juu ya asili ya umbo hili wataalamu wametofautiana, na James de Vere Allen alichapisha uchunguzi wa viti hivi katika jarida la African Arts mwaka 1989. Wako wanaosema umbo lilitoka Misri ya Wamamluki, ambao utawala wao ulikwisha mwaka 1517. Wako wanaosema liliigwa kwa viti vya Wareno, au vya mafundi wa Kihindi waliowatumikia Wareno, baada ya Vasco da Gama kufika pwani hii mwaka 1498.

Kauli hizi zina maana, walakini zina upungufu. Zinasema umbo lilitoka wapi. Hazisemi kiti kilichopo mbele yetu kiliundwa lini. Umbo huweza kuishi karne nyingi katika mikono ya mafundi, na seremala wa leo aweza kuunda kiti cha sura ile ile ya kale. Tena hazisemi kwa nini watu walikitaka kiti kama hicho. Habari za safari ya Vasco da Gama zaeleza kwamba mfalme wa Malindi alitoka kuonana naye akiwa na viti viwili vya shaba, chini ya mwavuli wa hariri, huku siwa za pembe zikipigwa. Basi kiti cha heshima kilikuwapo pwani siku ile ile Mreno alipofika. Hata kama Mreno alileta umbo jipya, hakuleta haja ya kuwa nalo.

Haja hiyo twaweza kuisoma katika kiti chenyewe. Mgongo wake haulazi mtu, humsimamisha. Ubao wa mbele huinua miguu yake kutoka sakafuni. Weusi wa mti na weupe wa pembe huvuta macho ya walio mbele, ilhali yeye aliyeketi haoni kitu cha pambo lile. Kwa kupumzika, kitanda cha kamba ni bora mara nyingi. Kiti hiki hakikuundwa ili mtu astarehe, bali ili aonekane. Jina la enzi nalo lisitudanganye tukadhani kila kiti cha namna hii kilikaliwa na sultani. Matajiri na wenye nasaba waliviweka majumbani mwao kwa ajili ya mgeni mheshimiwa na kwa siku kubwa kama arusi.

Sasa tuifuate njia ya misafara kutoka pwani mpaka bara, tufike Musanda, karibu na Mumias, katika nchi ya Wawanga. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilifika huko, na Joseph Thomson alifika kwa Mumia mwaka 1883. Tuseme kwamba katika nyumba moja ya Musanda kipo kiti cheusi cha mgongo mrefu, na wenyewe wasema kililetwa na msafara. Je, tukubali? Tusikatae kwa dharau, wala tusikubali kwa furaha. Tukipindue.

Kwanza, tuulize kilisafirije. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, mizigo mingi ya pwani ilibebwa na wapagazi kwa safari ya majuma mengi. Kiti kinachofunguka vipande vipande chaweza kubebwa hivyo. Kiti kikubwa kisichofunguka ni mzigo wa taabu. Pili, tutazame upande wa chini, ambao seremala hakuupamba. Alama za msumeno zilizonyoka huelekea kuwa za mkono. Alama zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa mviringo wa mashine. Msumari wa waya, wenye shina la mviringo, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Lakini hapa pana mtego: msumari huenda ulipigwa wakati wa kutengeneza mguu uliovunjika. Sharti tujue kama umeshika kiungo cha asili au kiraka.

Tatu, tusiuamini weusi. Moshi wa jikoni huweza kuufanya mti mchanga uonekane mkongwe kwa miaka michache. Hata kipimo cha radiokaboni, ambacho wataalamu hukitumia, husema mti uliishi lini, wala hakisemi fundi aliuchonga lini. Ubao wa kale waweza kuwa kiti kipya.

Hayo yote ni mashahidi wa umri. Kwa kazi, mti hautoshi. Penye wazee haliharibiki neno. Waulizwe ni nani alikikalia, siku gani, na ni nani alikatazwa. Huenda tukaambiwa kwamba kiti kirefu kilikuwa cha wageni, na kwamba heshima ya nyumba ilikuwa juu ya kigoda kifupi cha gogo moja, ambacho watoto hawakukikalia ovyo. Mnunuzi apitaye angekiacha kigoda na kukisifu kiti, kwa sababu hupima fahari kwa urefu na mapambo.

Jambo hili si mchezo wa wasomi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, hukihesabu kuwa cha kale chombo kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na haikubali kitolewe nje bila kibali. Kwa hiyo miaka michache yaweza kuamua kama chombo kitalindwa au la. Kutojua kazi nako kuna hasara yake. Vigango, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimamishia marehemu wao, viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Makumbusho moja ya Denver, Marekani, iliamua mwaka 2014 kuvirudisha 30, navyo vilifika Kenya mwaka 2019. Waliovinunua waliona mti uliochongwa. Hawakuona kwamba wananunua ukumbusho wa wafu wa watu.

Basi, msomaji, kabla kiti cha babu hakijauzwa kwa bei ya kuni au kusifiwa kwa sifa isiyo yake, kipindue utazame viungo vyake kwenye mwanga. Kisha mwendee bibi, umwulize nani alikuwa akikikalia, na andika jibu lake siku hiyo hiyo. Viungo vitangoja mwaka mwingine. Yeye huenda asingoje.